Kupima athari ya "Under Western Eyes" ya Mohanty: namba hazilingani, nifanyeje?

Rasimu_ya_Tatu ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Sura yangu ya mapitio ya maandiko inahusu athari ya kitaaluma ya insha ya mwanazuoni wa kifeministi Chandra Talpade Mohanty, "Under Western Eyes", inayokosoa maandiko ya kifeministi ya Magharibi kwa kuwachukulia wanawake wa Ulimwengu wa Tatu kama kundi moja. Naangalia hasa athari yake katika taaluma ya jinsia na maendeleo. Nimekwama mahali patatu.

Kwanza, Google Scholar (mtambo wa Google wa kutafuta maandiko ya kitaaluma) inaonyesha insha hiyo hiyo mara kadhaa, na kila ingizo lina idadi yake ya waliorejelea. Je, nizijumlishe?

Pili, idadi ya Web of Science, kanzidata ya kulipia ya marejeleo, ni ndogo mno ikilinganishwa na ya Google Scholar. Ipi ndiyo ya kuandika?

Tatu, hata nikipata namba safi, namba peke yake inasema nini? Nataka kuonyesha kwamba insha ilibadilisha namna watu wanavyofanya utafiti. Kusema tu kwamba "imerejelewa sana" hakunitoshi.

Natanguliza shukrani.

---

KabatiLaMarejeleo amejibu:

Usijumlishe kabla hujajua unajumlisha nini. Insha hii ina maisha manne ya uchapishaji, na kila moja lina kurasa zake:

1984, jarida la boundary 2, uk. 333–358.
1988, Feminist Review namba 30, uk. 61–88, ikiwa imefanyiwa marekebisho.
1991, sura katika kitabu Third World Women and the Politics of Feminism, alichokihariri pamoja na Ann Russo na Lourdes Torres (Indiana University Press), uk. 51–80.
2003, sura ya kwanza ya kitabu chake mwenyewe, Feminism without Borders (Duke University Press).

Hapo sijagusa mikusanyo ya kufundishia iliyoichapa tena. Halafu kuna insha nyingine kabisa, "Under Western Eyes Revisited", iliyotoka katika jarida la Signs juzuu la 28 namba 2, uk. 499–535, na mwaka 2003 ikafunga kitabu hicho cha Duke. Vichwa vinaanza kwa maneno yale yale, kwa hiyo kagua kwa macho yako kama marejeleo ya moja hayajaangukia kwenye nyingine.

Ukijumlisha tu, mtu aliyerejelea toleo la 1988 na la 1991 ndani ya makala moja utamhesabu mara mbili. Njia yenye kuaminika ni hii. Fungua orodha ya waliorejelea kwa kila ingizo, ipakue kwa Publish or Perish (programu ya kukusanya marejeleo) kama faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi, unganisha faili zote kwenye jedwali moja, kisha ondoa marudio: kwanza kwa DOI (namba ya kipekee ya utambulisho wa andiko), halafu kwa kichwa pamoja na mwaka kwa zile zisizo na DOI. Hatua hiyo ya pili ifanye kwa mkono. Programu haitambui kwamba tasnifu na kitabu kilichotokana nayo ni kazi mbili zenye kichwa kinachokaribiana, itafuta mojawapo bila kukuuliza.

Kikwazo utakachokutana nacho mapema: Google Scholar haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja, hata kama juu imeandika maelfu. Gawa kwa miaka. Mwaka mmoja mmoja ukibidi. Na usiikimbize, ikikuona unaomba kurasa nyingi kwa haraka itakufungia na kukutaka uthibitishe kuwa wewe si roboti.

Suala la Web of Science. Ile idadi unayoiona kwenye utafutaji wa kawaida inahesabu marejeleo yaliyounganishwa na rekodi iliyomo ndani ya kanzidata yenyewe. Sura ya kitabu cha 1991 isipokuwa na rekodi pale, wote walioirejelea hawaonekani. Nenda kwenye Cited Reference Search, andika Mohanty C* kwenye sehemu ya mwandishi, na utaona msururu wa maingizo yaliyoandikwa kila mtu kwa mtindo wake. Toleo la 1984 ndilo lenye fujo zaidi kwa sababu lilitoka katika namba ya pamoja, juzuu la 12 namba 3 na juzuu la 13 namba 1. Wengine wameandika 12, wengine 13, wengine 12/13. Yote hayo ni kitu kimoja. Tafuta pia kwa "Talpade Mohanty". Na uwe macho na Satya P. Mohanty, mhakiki wa fasihi aliyekuwa akiandika miaka ile ile juu ya mada jirani. Kwa kuwa jina la ukoo ni moja, marejeleo yake yanapenya kwa urahisi.

Ipi sahihi? Zote, ila zinahesabu watu tofauti. Web of Science na Scopus, kanzidata nyingine ya aina hiyo, zilijengwa juu ya majarida, ilhali taaluma ya jinsia hubishana sana ndani ya vitabu. Fahirisi ya vitabu ya Web of Science inaanzia mwaka 2005, wakati insha hii ilikwishatimiza miaka ishirini na moja. Google Scholar inabeba vitabu, tasnifu na majarida madogo, lakini pia inabeba muhtasari wa kozi na nakala mbili za faili moja. Andika zote mbili, kila moja na tarehe uliyotafuta, na ueleze tofauti inatoka wapi. Mtahini hatakusumbua kwa namba kutolingana. Atakusumbua ukiandika moja bila kusema umeipata wapi na lini.

---

MizaniYaHoja amejibu:

Naongezea mtego mmoja ambao KabatiLaMarejeleo hakuutaja. Ukitafuta maneno ya kichwa ndani ya JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida, utaletewa mamia ya makala kuhusu Joseph Conrad, kwa sababu riwaya yake ya 1911 inaitwa hivyo hivyo. Weka jina la Mohanty kwenye utafutaji na umwondoe Conrad.

Sasa swali la tatu, ambalo ndilo lenye nyama. Kurejelewa ni tendo, na watu hulitenda kwa sababu mbalimbali. Tangu 1975 Moravcsik na Murugesan walipendekeza kutenganisha rejeleo ambalo hoja inalitegemea na rejeleo la kupamba tu. Kwa insha hii ningetumia makundi matano:

A. Mkungu wa majina. Mohanty pamoja na majina makubwa ya nadharia ya baada ya ukoloni, Spivak na Said, ndani ya mabano mamoja, sentensi moja, kisha mwandishi anaendelea na yake.
B. Kuazima dhana. Anatumia ile picha ya "mwanamke wa kawaida wa Ulimwengu wa Tatu", anaieleza, inamsaidia kusema jambo.
C. Kutumia njia. Anafanya kile Mohanty alichofanya: anachukua maandiko, anauliza neno "wanawake" linabeba nini ndani yake, anaonyesha wapi limetangulizwa kabla ya ushahidi.
D. Kupinga au kurekebisha.
E. Kurejelea kwa kupitia mtu mwingine bila kusema.

Unachokitafuta wewe, yaani kubadilika kwa namna ya kutafiti, kimo katika C na D. A ni umaarufu.

Kundi E watu hudhani haliwezi kugundulika. Linagundulika kwa kurasa. Mtu akiandika kwamba amenukuu toleo la 1988, uk. 56, umemkamata: toleo la 1988 linaanza uk. 61. Ukurasa wa 56 umo katika kitabu cha 1991. Ama amechanganya kumbukumbu zake, ama ameokota nukuu kwenye makala ya mwenzake na kubadilisha mwaka. Kurasa za 61 hadi 80 zimo katika matoleo yote mawili, hapo huna la kusema. Lakini 51 hadi 60 ni za 1991 pekee, 81 hadi 88 ni za 1988 pekee, na chochote kuanzia 333 ni cha 1984. Dalili nyingine ni nukuu iliyokatwa kwa nukta tatu mahali pale pale alipokata mwandishi wa awali.

Usisome zote. Chukua sampuli. Kwa asilimia yenye ukingo wa makosa wa pointi 10 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, unahitaji kama kazi 96. Ukitaka pointi 5 ni 385, na kwa mtu mmoja mwenye tasnifu ya kumaliza hiyo ni adhabu. Ila usichukue 96 kiholela kutoka juu ya orodha, Google Scholar hutanguliza zile zenye kurejelewa sana. Gawa kwa vipindi vinavyofuata uchapishaji wenyewe: 1984–1990, 1991–2002, 2003–2012, 2013 hadi leo. Kipindi cha kwanza kitakuwa na kazi chache, soma zote. Vilivyobaki chagua kwa namba za nasibu.

Kwa kila kazi andika pia rejeleo limekaa sehemu gani. Likiwa katika utangulizi peke yake na halirudi kwenye uchambuzi, karibu kila mara ni A, hata kama sentensi yenyewe imejaa sifa.

---

Rasimu_ya_Tatu:

Nimeelewa, asanteni sana. Maswali mawili mafupi: nikiwa peke yangu, nitathibitishaje kwamba upangaji wangu wa A hadi E si wa kubuni? Na kwa kundi C, nitambue vipi kwamba mtu anatumia njia ya Mohanty na si ya mtu mwingine aliyesema jambo kama hilo?

---

MizaniYaHoja:

Kwa la kwanza: mpe mwenzako kazi 20 kati ya 96 na maelezo ya makundi, apange bila kuona majibu yako, kisha kokotoa kappa ya Cohen, kipimo cha ulinganifu wa wapangaji wawili. Ikiwa chini ya 0.6, tatizo kwa kawaida liko kwenye maelezo yako, hasa mpaka kati ya A na B. Yaandike upya, kwa mfano "B ni lazima dhana ielezwe kwa angalau sentensi moja ya mwandishi mwenyewe", na mjaribu tena kwa kazi 20 nyingine. Ukikosa mwenzako, panga mwenyewe mara mbili, wiki kadhaa zikiwa zimepita katikati, na useme wazi kwamba huo ni ulinganifu wa mtu mmoja na nafsi yake. Ni ushahidi dhaifu zaidi, lakini ni ushahidi.

La pili namwachia anayeijua insha kwa undani.

---

Ukindu amejibu:

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, maana wanapima athari ya insha ambayo wanaijua kwa muhtasari. Kabla ya kupanga kazi ya mtu yeyote katika kundi C, uijue hoja ilivyojengwa.

Mohanty hakuandika malalamiko ya jumla dhidi ya Magharibi. Alichukua vitabu, vingi vikiwa vya mfululizo wa mchapishaji Zed Press kuhusu wanawake wa Ulimwengu wa Tatu, akaonyesha kitabu kimoja kimoja namna "wanawake" wanavyogeuzwa kuwa kundi moja lililokwisha kuundwa kabla uchambuzi haujaanza: wahanga wa ukatili wa wanaume kwa Fran Hosken, tegemezi kwa Beverley Lindsay na Maria Cutrufelli, zao la mfumo mmoja wa familia ya Kiarabu kwa Juliette Minces.

Mfano wenye kufundisha kuliko yote ni ule wa ndoa ya Wabemba wa Zambia. Cutrufelli anasimulia kwamba kabla ya ukoloni mwanamume alihamia kwa wakweze na kuwafanyia kazi, akipata chakula na matunzo, na haki kamili juu ya mke alizipata tu baada ya binti kupita unyago. Baada ya ukoloni anaweza kumchukua mke kwa kutoa fedha. Hitimisho la Cutrufelli: wanawake wa Kibemba wamepoteza ulinzi wa mila. Mohanty anauliza: wanawake gani? Ikiwa unyago ndio unaobadilisha hadhi, basi aliyekwisha kupita na ambaye hajapita wamo katika mahusiano tofauti ya mamlaka. Ukiwaita wote "wanawake wa Kibemba" na kuwaweka kwenye kabla na baada, umefuta kile kile kilichohitaji kuelezwa. Msomaji wa Kiswahili anayejua unyago ni nini ataliona jambo hili upesi kuliko wasomaji wengi ambao insha iliandikiwa.

Basi kipimo cha C ni hiki: je, mwandishi anaonyesha mahali ambapo kundi linaundwa, kwa tendo gani na kwa faida ya nani? Kama anasema tu kwamba wanawake wa Afrika si wamoja, hiyo ni B, tena B hafifu.

Ongeza kipimo cha pili: anamtendeaje Maria Mies? Mohanty anautaja utafiti wa Mies juu ya wafumaji wa lesi wa Narsapur, India, kama mfano wa kazi nzuri, na Mies ni Mjerumani. Aliyesoma insha hadi mwisho analijua hilo. Anayeandika kwamba Mohanty amewakataza wanawake wa Magharibi kuandika juu ya wengine, ama hakufika kurasa za Mies ama alichoka njiani. Ndani ya insha yenyewe pia imo kauli kwamba ukosoaji huo unawahusu wasomi wa Ulimwengu wa Tatu wanaoandika juu ya jamii zao kwa mbinu zile zile. Katika Revisited alilazimika kurudi kwenye hili na kusema kwamba hakupinga kila aina ya ujumlishaji.

Kuhusu "mtu mwingine aliyesema jambo kama hilo": walikuwepo, na uwataje, la sivyo utampa Mohanty sifa ya zama nzima. Hazel Carby alikwishaandika 1982. Valerie Amos na Pratibha Parmar waliandika dhidi ya ufeministi wa kibeberu katika Feminist Review namba 17, mwaka 1984 huo huo. AAWORD, chama cha watafiti wanawake wa Afrika kilichoanzishwa Dakar mwaka 1977, kilitoa tamko mwaka 1980 kuhusu ukeketaji, kikizikosoa kampeni za Magharibi kwa namna zilivyowaonyesha Waafrika. Na Ifi Amadiume alichapisha Male Daughters, Female Husbands mwaka 1987, kwa Zed hao hao. Kufanana kwa hoja si ushahidi wa kuathiriwa. Fungua orodha ya marejeleo ya kila mmoja. Asipomtaja Mohanty, usimwingize kwenye sampuli yako hata kama anaongea kama yeye.

Kwa upande wa maendeleo, anzia na kazi mbili: makala ya Jane Parpart katika Development and Change, 1993, na Encountering Development ya Arturo Escobar, 1995. Escobar anafaa kusomwa kwa makini kwa sababu anaichukua hoja iliyokuwa juu ya maandiko ya kifeministi na kuipeleka kwenye lugha ya maendeleo kwa jumla. Huo ni uhamisho wa njia kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na kwa maoni yangu una uzito kuliko makala hamsini za kundi A. Kwa D, Sara Suleri katika Critical Inquiry, 1992. Ni mkali, na hoja yake kuhusu uzoefu binafsi kugeuzwa kuwa hati ya mamlaka bado haijazeeka.

---

KabatiLaMarejeleo:

Nakubaliana na Ukindu isipokuwa sehemu moja. Kuwaondoa wote wasiomtaja ni sawa kwa sampuli, lakini kwa sura nzima kutakunyima jambo muhimu. Wazo likishazoeleka watu huacha kumtaja mwenyewe. Wanaosoma maarifa kwa takwimu wanalijua hili tangu enzi za mwanasosholojia Robert Merton: mchango unamezwa na uwanja, jina linapotea, na namba inashuka wakati athari inapanda. Leo kuna miongozo ya utafiti wa jinsia inayomtaka mtafiti asiwachukulie wanawake kama kundi moja, bila jina lolote pembeni. Hilo huwezi kulihesabu. Unaweza kulitolea aya moja, ukaonya kwamba kushuka kwa mstari kwenye grafu yako hakumaanishi insha imekufa.

---

Ukindu:

Aya moja, sawa. Zaidi ya hapo utaanza kuona Mohanty kila mahali.

Kuna upande wa pili wa kumezwa ambao yeye mwenyewe ameuandikia: makala yake katika Signs juzuu la 38 namba 4, 2013, uk. 967–991. Humo anafuatilia namna kazi yake ilivyopokewa Sweden, Mexico na Palestina, na analalamikia kwamba katika vyuo vya zama za soko huria kazi hiyo imerejelewa huku makali yake ya kisiasa yakiwa yamefanywa butu. Wanachukua tofauti na uwakilishi, wanaacha ubepari na mapambano. Kwa hiyo katika kundi B ongeza safu moja: je, mwandishi anagusa uchambuzi wa kiuchumi wa Mohanty, ndiyo au hapana? Ukilinganisha kipindi cha 1991–2002 na cha 2013 kuendelea, safu hiyo itakupa cha kujadili ambacho idadi haiwezi kukupa. Soma pia Clare Hemmings, Why Stories Matter, 2011, juu ya namna majarida ya kifeministi yanavyosimulia historia yao kwa kuchagua nani wa kurejelewa na wapi. Ndiyo msingi wa kinadharia wa unachokifanya, na mtahini anayeujua uwanja huu ataulizia kwa nini haumo.

---

MizaniYaHoja:

Jedwali lako basi liwe na safu hizi: namba ya kazi, mwaka, uwanja, lugha, toleo lililorejelewa, kurasa zilizonukuliwa, sehemu ya andiko, kundi A–E, uchumi ndiyo/hapana, na sentensi yenyewe ikiwa imenakiliwa nzima. Hiyo ya mwisho usiiruke hata ukichoka. Bila sentensi mbele yako huwezi kurudia upangaji, na mwenzako hawezi kuukagua.

Kwa waliorejelea Feminism without Borders kama kitabu kizima bila kurasa, fungua kundi la pembeni. Kitabu kina sura tisa, na aliyekuwa anatumia sura ya mshikamano au ya wafanyakazi hahusiani na insha ya 1984. Wenye kurasa ni rahisi: 17–42 ndiyo insha yetu, 221–251 ni Revisited.

Kazi usizoweza kuzifungua kwa sababu zinalipiwa, usizibadilishe na zinazopatikana bure. Andika "haikupatikana", zihesabu, na useme ni ngapi katika kila kipindi. Tasnifu zilizo wazi mtandaoni ndizo zenye mikungu mingi ya majina, ukizijaza hizo kwenye mapengo kundi A litavimba na utadhani umegundua jambo.